Ufa Huzibwa Vipi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo juu ya utunzaji wa matangi na visima.)

Naona viatu vya wengi vimejaa matope. Maana yake mvua imeanza. Na mvua ikianza, mimi huanza kupata ujumbe wa aina moja tu: "Mama, tangi letu linavuja."

Sote tunaijua ile methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeisikia tangu shule ya msingi. Lakini methali hiyo haikutuambia ufa huzibwa vipi. Mimi nimeona kikundi kikikaribia kuvunjika, si kwa sababu ufa uliachwa wazi, bali kwa sababu ulizibwa vibaya. Tena ulizibwa mara tatu. Kwa hiyo leo sitasema mambo mengi. Nitasema juu ya kitu kidogo sana, nacho ni ukingo: mahali kazi ya fundi inapoishia.

TANGI LA AKINA MAMA

Kulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama ambacho sitakitaja. Wanachama walikuwa 31. Walichanga shilingi 50 kila Alhamisi, na kwa kuchanga huko wakajenga tangi la mawe la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la ukumbi wao. Mwaka wa pili tangi likaanza kuvuja pale chini, mahali ukuta unapokutana na sakafu. Halikuvuja sana. Udongo ulikuwa unalowa tu, nyasi zikawa za kijani wakati wa kiangazi, na mbuzi wakapapenda hapo.

Wakaniuliza wafanye nini. Nikawaletea fundi ninayemfahamu. Nataka mlisikie hilo vizuri: fundi nilimleta mimi. Akachanganya saruji, akaipaka juu ya ule ufa kwa ndani. Katikati ilikuwa nene kama kidole. Kisha akaivuta kwa mwiko juu ya ukuta na juu ya sakafu, akailamba na kuilamba mpaka ikaisha kabisa, usiweze kujua saruji mpya imeishia wapi na ya zamani imeanzia wapi. Nilipitisha kiganja pale. Laini kama sahani. Nikasema, huyu ndiye fundi. Nikawaambia wamlipe, wakamlipa jioni hiyo hiyo.

Mvua ikaja, tangi likajaa. Baada ya miezi michache nyasi zikawa za kijani tena. Maji yalipoisha, mwenyekiti akaingia ndani na tochi. Ule ukingo laini niliousifu ulikuwa umejikunja kama chapati iliyoachwa juani. Akauinua kwa kucha. Chini yake palikuwa na unga wa kijivu, na maji yalikuwa yakipita humo taratibu kama mwizi anayejua mlango.

Fundi akaitwa tena. Safari hii akapaka kiraka juu ya kiraka, kipana zaidi, na kando zake akazilamba vile vile. Kikabanduka. Mara ya tatu akaja kijana mwingine, naye akafanya hivyo hivyo, kwa maana ndivyo alivyofundishwa. Kikabanduka.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Hakuna aliyesema, "Kazi hii ina kasoro." Watu walisema, "Saruji iliibwa." Walimwangalia mweka hazina. Mifuko ilinunuliwa mingapi? Nani aliiona? Mweka hazina alikuwa mama mjane ambaye hakuwahi kula senti ya mtu. Mimi mwenyewe nilikaa na kitabu chake siku nzima, risiti baada ya risiti, na kila shilingi ilikuwa mahali pake. Lakini nilikuwa nimechelewa. Alikwisha acha kuja Alhamisi. Wengine nao wakaacha, na katika wale 31 wakabaki 19. Ufa ambao usingepitisha hata kalamu ya risasi uliwala watu 12.

Halafu akaja mzee mmoja, fundi wa mawe kutoka kijiji cha jirani. Hakutoa mwiko. Alitoa nyundo na tindo, akaanza kuchimba palepale penye ufa. Akina mama wakapiga kelele: "Mzee, unatuvunjia tangi!" Akapumzika kidogo, akasema, "Ufa huu mmeupaka rangi mara tatu. Haujazibwa hata mara moja."

KWA NINI SARUJI NYEMBAMBA HAISHIKI

Nilimwuliza yule mzee maswali mengi, na baadaye nikawauliza mafundi wengine wa maji. Sababu ni tatu, na mtu yeyote anaweza kuzielewa.

Ya kwanza ni mchanga. Plasta si saruji peke yake. Ni punje za mchanga zilizoshikwa pamoja na saruji. Punje za mchanga wa mtoni zina ukubwa wake, nyingine hufika milimita mbili au tatu. Sasa fundi akiivuta plasta mpaka iwe nyembamba kuliko punje, zile punje zitakaa wapi? Mwiko huzisukuma kando. Kinachobaki ukingoni ni uji wa saruji mtupu, na uji wa saruji ukikauka husinyaa na kupasuka.

Ya pili ni maji. Wengi wetu hudhani saruji hukauka kama udongo. Sivyo. Saruji haigandi kwa kukauka, huganda kwa kunywa maji. Inataka kuwa na unyevu siku nyingi ndipo ipate nguvu. Plasta nene kama kidole huweza kutunza maji yake. Lakini ile iliyolambwa, upande mmoja hunyonywa na ukuta mkavu, upande mwingine hunyonywa na jua na upepo. Kabla saruji haijashiba, maji yameisha. Basi hubaki unga, ndio ule tuliouona chini ya kiraka.

Ya tatu ni kuchezacheza. Ukuta wa tangi haukai kimya kama tunavyofikiri. Mchana hupata joto ukatanuka, usiku hupoa ukarudi. Maji yakijaa husukuma, yakiisha huacha. Kiraka chenye unene huvumilia. Ukingo mwembamba hauna mwili wa kuvumilia, kwa hiyo huinuka. Ukishainuka kidogo tu, maji hupata njia ya kuingia chini, na kutoka hapo kubanduka ni suala la siku.

Ndiyo maana nasema, ulaini ulinidanganya. Jicho hupenda kuona kazi ikififia polepole bila alama. Lakini saruji inataka kuishia kwenye bega, pahali palipokatwa wima, ili mpaka mwisho wake iwe na unene ule ule.

WAFINYANZI NA WASUKAJI WANAJUA

Akina mama, hili si geni kwenu. Mfinyanzi akifika mdomoni mwa chungu, hauachi ukawa mwembamba kama jani. Huuongeza udongo kidogo au huukunja, akauviringisha kwa vidole ukawa mnene. Anajua kuwa mdomo ndio utakaogongwa na upawa na kushikwa kila siku. Tena anajua kuwa mdomo hukauka upesi kuliko tumbo, kwa hiyo huufunika kwa majani au kitambaa chenye maji usije ukapasuka. Hayo ndiyo mambo mawili niliyoyataja juu ya saruji, unene na unyevu, na nyanya zetu waliyajua kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafika huku.

Msukaji wa kiondo naye hakati nyuzi pale pale ukingoni na kuziacha. Huzisuka na kuzirudisha ndani, ukingo ukawa mgumu kuliko sehemu nyingine ya kiondo. Na wale wachongaji wa mawe laini kule Tabaka, Kisii, bakuli wakishalichonga huliviringisha mdomo kwa msasa na maji. Wakiuacha mkali utavunjika ndani ya sanduku kabla bakuli halijamfikia mnunuzi.

WEMBAMBA UNA MAHALI PAKE

Msinielewe vibaya. Sisemi kila kilicho chembamba ni kibaya. Kisu bila makali ni kipande cha chuma tu. Lakini hata makali yana kiasi chake kulingana na kazi. Patasi ya seremala hunolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Tindo la kukatia chuma hunolewa likiwa butu zaidi, karibu nyuzi 60. Ukinoa tindo liwe jembamba kama patasi, pigo la kwanza la nyundo litalivunja ncha. Shoka la kupasulia kuni nalo halitaki wembamba wa kisu cha jikoni.

Vijana wa jua kali walio hapa wanajua jambo lingine. Ukinoa panga kwenye mashine ya umeme bila kulipoza kwa maji, ule ukingo mwembamba hupata moto upesi, hugeuka rangi ukawa wa buluu. Ukiona buluu, chuma hicho kimelainika, hakitashika makali tena mpaka uondoe sehemu hiyo yote. Noeni polepole, chovyeni majini mara kwa mara.

Na kabari je? Kabari huingia kwa wembamba lakini hukaza kwa unene. Ukifunga mpini wa shoka kwa kabari ambayo yote ni nyembamba, itaingia vizuri na itatoka vizuri, na kichwa cha shoka kitaruka kimwendee mtu.

Basi kanuni ni hii: wembamba ni wa kitu kinachokwenda kukata au kuingia. Kitu kinachokusudiwa kukaa na kushika kinataka unene mpaka mwisho wake.

JINSI YA KUZIBA

Sasa nitawaeleza alivyofanya yule mzee. Makatibu, andikeni.

Kabla ya yote, jueni kama ufa bado unatembea. Wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na tarehe. Baada ya mwezi mmoja angalieni. Ukiwa umezipita alama, basi huenda msingi unazama, na hapo kiraka hakisaidii. Mwiteni mtu wa idara ya maji au fundi anayejua msingi.

Kama ufa umetulia, toeni maji yote na mwache tangi lipate hewa. Mtu asiingie peke yake, awepo mwingine nje wa kumwangalia. Anayechonga afunike macho, na anayeshika saruji avae glavu, maana saruji mbichi huchoma ngozi.

Kwanza, ondoeni viraka vyote vya zamani. Msiseme hiki bado kimeshika. Vyote.

Pili, kwa tindo na nyundo chimbeni mfereji kuufuata ufa, kina inchi moja au zaidi, upana inchi moja au zaidi, na mzidishe kidogo kupita ncha zake mbili. Kuta za mfereji ziwe wima. Zisiwe mteremko kama za bonde. Na ikiwezekana, chini pawe papana kidogo kuliko juu, kama mtungi ulivyo mwembamba mdomoni na mpana tumboni. Saruji ikigandia humo haiwezi kutoka.

Tatu, fagieni vumbi lote, osheni, halafu lowesheni usiku kucha kwa magunia yenye maji. Ukuta ukishashiba hautanyang'anya saruji maji yake. Asubuhi futeni maji yaliyotuama, pabaki unyevu tu.

Nne, changanyeni saruji ndoo moja na mchanga ndoo tatu. Iwe ndoo ile ile, msikadirie kwa koleo. Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa, usio na udongo. Maji yawe kidogo. Ukifinya mchanganyiko kwenye ngumi yenye glavu ukabaki donge bila kuchuruzika, umefaa.

Tano, pakeni mferejini uji mzito wa saruji na maji. Kabla haujakauka, jazeni ule mchanganyiko kidogo kidogo mkiushindilia kwa nguvu. Mkifika juu, sawazisheni na ukuta, na hapo mkome. Msiuvute nje ya mfereji hata kama mkono unawasha.

Sita, pale ukuta unapokutana na sakafu wekeni kona ya mviringo yenye upana wa inchi tatu hivi, kwa sababu kona kali ndipo nyufa huzaliwa. Lakini kona hiyo nayo ina kando mbili, moja ukutani na moja sakafuni. Chongeni ngazi ndogo kila upande, ili kona ikae ndani ya ngazi na isiishie bure.

Saba, funikeni kwa magunia, yawe na maji muda wote kwa siku saba bila kukosa. Gawaneni zamu, kila siku watu wawili. Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Watu huja siku ya kwanza na kuimba, siku ya nne hakuna mtu. Baada ya hapo jazeni maji polepole, na yale ya kwanza mwoshee tangi na kuyamwaga.

KINGO NYINGINE

Mkirudi nyumbani angalieni pia mahali pengine pane. Sakafu mlangoni: fundi hupenda kuiteremsha mpaka iishe kwenye udongo, na hapo ndipo kila mguu hukanyaga, pakavunjika mwezi wa kwanza. Iishie kwenye jiwe au ubao ikiwa na unene wake. Jukwaa la kisima: ukingo wake ushuke chini ya ardhi kama mguu, la sivyo maji yanayomwagika yatakula udongo wa chini na jukwaa litaning'inia. Kifuniko cha choo: pimeni unene pembeni kote kabla ya kumwaga zege, kwa maana pembeni ndipo kinapolalia shimo, na kosa hapo linaweza kumwangusha mtoto. Na mabati: kumbukeni geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, namba ikipanda unene hushuka. Upepo huanza kuyafungua pembeni, kwa hiyo ukingoni mwa paa ongezeni misumari, msiweke mbalimbali kama katikati.

KABLA YA KULIPA

Kosa langu lilikuwa kuliamini jicho na kiganja, na kuharakisha malipo. Siku hizi nawaambia vikundi hivi. Mkubaliane na fundi tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo itabaki mpaka tangi lijaribiwe, na mwandike. Fundi mwema hatakataa. Zile siku saba zikiisha, gongeni kiraka kwa kipande cha chuma. Kikilia kama debe tupu, hakijashika. Halafu jazeni maji, acheni siku mbili ukuta unywe, mwekee maji alama ya makaa jioni, na mwangalie alfajiri. Wanachama wote waitwe waone, wakati wa kuchimba mfereji na wakati wa kuangalia alama. Saruji ikinunuliwa, mifuko ihesabiwe mbele ya watu, na iandikwe imeingia wapi. Hilo halimlindi mnunuzi peke yake. Linamlinda mweka hazina.

Mwaniuliza, yule mama mjane alikuwaje? Tangi liliposhika, na limeshika misimu sita ya mvua hadi sasa, mwenyekiti na wanachama wawili walikwenda kwake. Walibeba kitabu cha hesabu, na ndani ya karai walibeba vile viraka vilivyobanduka. Wakamwonyesha kwamba saruji yote ilikuwepo, ila ilikuwa imelambwa ikawa karatasi. Wakamwomba msamaha. Nami nilikwenda siku nyingine, peke yangu, kwa sababu lile la fundi lilikuwa langu.

Alirudi kikundini. Huchanga kila Alhamisi na huteka maji kama wengine. Lakini kitabu alikataa kukishika tena, na hatukumlazimisha.

Kwa hiyo mkienda, nendeni na tindo kabla ya mwiko. Kama kuna swali, tulianze sasa kabla chai haijapoa.